Somo: Mwalimu uliyeko Thailand, fungua akaunti vizuri na udai kodi uliyokatwa zaidi

Kila ikifika Machi simu yangu haipumui. Ni walimu wenzangu wa kutoka nyumbani Tanzania, na swali ni lilelile: "Hii karatasi ya Kithai niliyopewa na shule ni ya nini?" Leo naandika yote mara moja, kuanzia benki, ili nikiulizwa tena nijibu "nenda kasome".

Hatua ya 1: Akaunti

Ukiwa na viza ya utalii, benki nyingi zitakurudisha. Subiri viza ya kazi (Non-B) na kibali cha kazi, kisha nenda na pasipoti, kibali, barua ya shule na laini ya simu ya hapa iliyosajiliwa kwa jina lako. Tawi moja likikataa, jaribu jingine la benki hiyohiyo. Mimi nilikataliwa asubuhi, saa nane mchana nikafunguliwa akaunti mtaa wa pili kwa makaratasi yaleyale. Ukiuziwa kadi ya ATM yenye bima, omba ya kawaida.

Angalia jina kabla hujainuka kitini. Sisi wa majina matatu tuna kazi: pasipoti ina matatu, kibali kina mawili, laini ya simu imebeba jina la babu peke yake. Siku ya kuunganisha programu ya benki, mtambo unakukataa na hakuna wa kukueleza kwa nini. Yote yafanane na pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: PromptPay

Huu ni mfumo wa Thailand wa kutuma na kupokea hela kwa simu. Unganisha akaunti na namba ya simu. Hapa hata mama wa mishikaki ya nguruwe kando ya barabara amening'iniza karatasi yake ya QR, na noti ya baht (hela ya hapa) 1,000 kwa mshikaki mmoja utamuudhi bure. Ukitaka kutuma baht 50,000 au zaidi kwa mkupuo, programu itakagua sura yako, kwa hiyo sajili sura tawini mapema, usingoje siku ya dharura.

Na akaunti haiazimwi. Wathai wana neno, *banchi ma*, yaani akaunti ya farasi: wewe umefungua, mwingine amepanda. Tangu 2023 sheria inatoa kifungo hadi miaka 3, au faini hadi baht 300,000, au vyote viwili. Mtu akikuomba "nipitishie hela kidogo kwako", hata kama ni wa kijijini kwenu, kataa.

Hatua ya 3: Kutuma nyumbani

Usitazame ada tu. Uliza jambo moja: nikitoa baht 10,000, mama atapokea shilingi ngapi mkononi? Linganisha wawili watatu siku hiyohiyo. Tunza risiti.

Hatua ya 4: Kodi yenyewe

Hapa ndipo hela zetu zinapopotea, tutulie.

Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Baht 150,000 za kwanza za mapato yanayotozwa hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 300,000 ni asilimia 5, hadi 500,000 ni asilimia 10, na ngazi zinaendelea mpaka asilimia 35. Lakini kabla ya kupanda ngazi, unatoa nusu ya mshahara wa mwaka kama gharama, isizidi 100,000, na 60,000 nyingine za nafuu yako binafsi, yaani kiasi ambacho kila mlipakodi hatozwi.

Chukua mwalimu wa 35,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 420,000. Toa 160,000, zinabaki 260,000. Ondoa zile 150,000 za bure, zimebaki 110,000. Asilimia 5 yake ni baht 5,500. Hiyo ndiyo kodi yake halali.

Sasa, shule nyingine humwandika mwalimu kama mtu wa kibarua na kumkata asilimia 3 ya kila mshahara. Kwa mwaka ni 12,600. Baht 7,100 zimezidi, na hakuna atakayekupigia simu kukurudishia. Mwaka wangu wa kwanza sikudai, nilidhani ritani, ile fomu ya kutaja mapato na kodi ya mwaka, ni ya wenye biashara.

Hatua ya 5: Ritani

Ile karatasi inaitwa *50 thawi*. Inaonyesha ulicholipwa na ulichokatwa. Ipeleke ofisi ya mapato, *Sanphakon*, ya wilaya yako, pamoja na pasipoti na kibali. Mshahara pekee ni fomu PND 91. Malipo ya kibarua ni PND 90. Mwisho ni Machi 31. Usishtuke ukiona mwaka 2568; ni kalenda ya Kibudha, kwetu 2025. Ukiwa na cha kurudishiwa, utapata barua ya kupeleka benki ya Krungthai.

Maswali ya wanachama

*Kaka, shule inasema karatasi hiyo haipo.*
Ipo. Sheria inamtaka mwajiri aitoe kabla ya Februari 15. Mwache wakala wa ajira, mwone mhasibu wa shule mwenyewe, na uombe kwa upole. Hapa ukipandisha sauti umeshindwa.

*Nina nyumba ya kupangisha Mwanza. Ile kodi ya nyumba nayo inatozwa kodi huku?*
Kiswahili kimetuponza hapo! Ukikaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka, pango la mwaka huo unaweza kutozwa ukilileta hapa. Mapato ya kabla ya Januari 1, 2024 hayaguswi. Tanzania haina mkataba na Thailand wa kuzuia kutozwa mara mbili, kwa hiyo pango liache Mwanza likarabati paa.

*Dada yako nina watoto wawili kwa bibi yao. Wanahesabiwa?*
Ukiwa mkazi kwa zile siku 180, ndiyo, unatoa baht 30,000 kwa kila mtoto kabla ya kupanda ngazi. Beba vyeti vya kuzaliwa vilivyotafsiriwa Kithai.

*Mwalimu, mimi nimeanza Agosti tu, na mshahara ni huohuo wa 35,000. Nijisumbue?*
Miezi mitano ni 175,000. Toa nusu, toa 60,000, inabaki 27,500, haifiki hata ngazi ya kwanza. Ulichokatwa ni 5,250, na zote ni zako. Kapange foleni.