Kumsimulia Georges Méliès kwenye kibanda umiza

Ukitaka kusimulia filamu kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, chagua usiku wa mbalamwezi. Hapa Kirumba, Mwanza, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwaka, kwa hiyo mabenchi yanajaa.

Anza kwa ufupi: alizaliwa Paris 1861, akawa mwanamazingaombwe, akatengeneza filamu kama 500. Kisha washa ile ya safari ya mwezini, ya 1902, unyamaze. Kombora likimchoma Mwezi jichoni, waache wacheke kwanza. Filamu bubu haitaki maneno mengi kama zile za mapigano. Mimi huweka mpiga ngoma pembeni, jenereta isitawale.

Mwishoni, taratibu, waambie kwamba 1923 alichoma filamu zake mwenyewe, akaja kuuza vitu vya kuchezea watoto kwenye stesheni ya Montparnasse. Hapo kibanda kizima hunyamaza.