Ustaarabu wa nusu saa

Kama kundi lenu hupenda Through the Ages, ule mchezo mrefu wa mezani wa kujenga ustaarabu, lakini foleni ya Thika Road huwafikisha nyumbani saa mbili usiku, msingoje Jumamosi. Chukueni 7 Wonders. Mnajenga ustaarabu vilevile, ila kwa karata: unapewa saba, unachagua moja, zilizobaki unampitishia jirani. Enzi tatu, kama nusu saa hivi, na wa South B bado anapata matatu.

Kazi iko kwenye kuhesabu. Mkiwa wanne, karata ulizoshika mwanzo hukurudia zamu ya tano zikiwa zimebaki tatu. Zikague kabla hujaziachia. Ile ambayo hakuna anayeihitaji mezani huenda ukaikuta palepale. Ile anayoiwinda jirani (mara nyingi za kijani, za sayansi) ifiche chini ya ubao wako kama hatua ya ajabu lako (jengo kuu ambalo kila mchezaji hulijenga kwa hatua), mradi malighafi unazo. Enzi ya pili karata hugeuka kwenda kulia, kwa hiyo unayemlisha ni mwingine.

Jeshi je? Kushindwa vita na jirani mwisho wa enzi hugharimu alama moja tu, ilhali ushindi wa enzi ya tatu ni tano. Mimi enzi ya kwanza huwaachia wagomvi.