Shule ikimkatalia mwanafunzi kuja dansini na mpenzi wa jinsia yake: namna ya kudai haki nchini Marekani

Katika shule za sekondari za Marekani, dansi ya wahitimu inayojulikana kama prom hufanyika kati ya Aprili na mwanzoni mwa Juni, na ndiyo sherehe ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho huiwekea fedha na kuizungumzia kuliko nyingine yoyote. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayetaka kwenda na mpenzi wa jinsia yake, pamoja na mzazi au mlezi wake, hasa katika familia za Waswahili waliohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, ambazo mara nyingi huchukulia kwamba neno la mkuu wa shule halikatiwi rufaa. Hayachukui nafasi ya wakili. Yanaeleza njia ambayo wanafunzi wengine wamekwisha kuipita, na mahali ambapo hata aliyeshinda kesi hakuipata dansi aliyoitaka.

Ijue kwanza shule ni ya nani

Kabla ya kuandika barua yoyote, hakikisha kama shule ni ya umma au ya binafsi, kwa kuwa karibu kila hatua inayofuata inategemea jibu hilo. Shule ya umma ni mkono wa serikali, kwa hiyo inafungwa na Katiba, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1969, katika kesi ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake wa kujieleza kwenye lango la shule. Juu ya msingi huo mahakama za shirikisho zimetambua kwamba kumleta dansini mtu unayempenda ni namna ya kujieleza inayolindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba.

Shule ya binafsi, hasa ya dini, haifungwi na kifungu hicho. Hapo kinachobaki ni kijitabu cha kanuni ambacho mzazi alitia sahihi wakati wa kuandikisha mtoto, na sheria ya jimbo husika, ambayo katika majimbo mengine huziacha kando shule za dini. Anayesoma katika shule ya namna hiyo asitumie nguvu nyingi kutafuta kesi; mazungumzo, au dansi nyingine nje ya shule, mara nyingi humfaa zaidi.

Kwa walioko Kanada hali ni tofauti kidogo, kwa sababu huko Ontario shule za Kikatoliki hulipiwa na serikali. Mwaka 2002 Marc Hall, mwanafunzi wa shule ya Kikatoliki mjini Oshawa, alikataliwa kwenda dansini na mpenzi wake wa kiume, akafungua kesi, na jaji akaiamuru shule imruhusu siku ileile ya dansi, tarehe 10 Mei. Walikwenda jioni hiyo.

Uliza mapema, na uulize kwa maandishi

Kosa linalowagharimu wengi ni kungoja tiketi zianze kuuzwa. Uliza mwezi Januari au Februari, ili shule ikikataa pawepo na muda wa kukata rufaa kwa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo hilo, na wilaya ikikataa pawepo na muda wa kumtafuta wakili. Mahakama inaweza kutoa amri kwa haraka, lakini jaji anayeletewa shauri siku mbili kabla ya dansi ana sababu ya kukunja uso.

Soma kijitabu cha kanuni na fomu ya mgeni kabla ya kuuliza, ukitenganisha kanuni zinazomhusu kila mtu na zinazokulenga wewe. Wilaya nyingi huwazuia wageni waliovuka umri fulani, hudai mgeni wa shule nyingine aletewe sahihi ya mkuu wa shule yake, na humnyima tiketi mwanafunzi mwenye deni la vitabu au adhabu ya nidhamu ambayo haijaisha. Hizo ni halali maadamu zinatumika kwa wote, na kuzitimiza mapema ni kuinyima shule kisingizio. Kanuni isemayo kwamba wenza lazima wawe mvulana na msichana, au kwamba wasichana wote wavae gauni, ndiyo ya kupingwa.

Barua yenyewe iwe fupi na yenye adabu, iende kwa mkuu wa shule kwa barua pepe ili tarehe ijirekodi yenyewe. Iseme kwamba wewe ni mwanafunzi wa darasa fulani, kwamba unakusudia kuhudhuria dansi ya tarehe fulani pamoja na mgeni wa jinsia yako, kwamba mgeni huyo ametimiza masharti yote ya fomu, na kwamba unaomba uthibitisho wa maandishi kabla ya siku unayoitaja. Usijitetee ndani yake, wala usieleze mapenzi yenu yalivyoanza. Shule haina haja ya kuyajua. Ikiwa utajibiwa kwa mdomo katika korido, kama inavyotokea mara nyingi, andika jioni hiyohiyo ujumbe wa kumkumbusha aliyezungumza nawe: leo uliniambia hivi na hivi, tafadhali nirekebishe kama nimekosea kuelewa. Atakayekaa kimya baada ya ujumbe huo amekupa ushahidi.

Sababu utakazopewa

Sababu inayotolewa kwa upole kuliko zote ni usalama wako. Mkuu wa shule atasema hana tatizo na wewe, ila anaogopa wenzako watakufanyia fujo. Jibu lake lilitolewa mwezi Mei mwaka 1980 katika jimbo la Rhode Island. Aaron Fricke, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya sekondari ya Cumberland, aliomba kwenda dansini na Paul Guilbert, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekataliwa ombi kama hilo katika shule hiyohiyo. Hofu ya shule haikuwa ya kubuni, kwani baada ya habari kuenea Fricke alipigwa ngumi shuleni na kushonwa nyuzi tano chini ya jicho. Hata hivyo Jaji Raymond Pettine aliamua kwamba wajibu wa shule ulikuwa kumlinda anayetishwa na kuwazuia wanaotisha, kwa maana kuwakubalia hao ni kumpa mzomeaji kura ya turufu juu ya haki ya mwenzake. Fricke na Guilbert walikwenda, ulinzi ukiwapo, na wakacheza. Unapoambiwa neno usalama, basi, uliza kwa maandishi ni hatua gani za ulinzi zilizofikiriwa kabla ya kuamua kukuzuia wewe.

Sababu ya pili ni kwamba jambo hili litawavuruga wanafunzi wengine. Kipimo cha mwaka 1969 kinaitaka shule ionyeshe vurugu kubwa ya masomo au uvunjaji wa haki za wengine, na kuchukizwa kwa wazazi kadhaa hakufiki hapo. Ya tatu ni ile ya dini na mila za mji, ambayo katika shule ya umma haina uzito kisheria, ingawa katika mji mdogo ina uzito mkubwa wa kijamii, na mwanafunzi lazima aupime mwenyewe.

Ya nne hasa ndiyo ya hatari, kwa sababu haina sura ya ubaguzi: shule hufuta dansi kwa wote. Mwezi Februari 2010, shule ya sekondari ya Itawamba katika mji wa Fulton, Mississippi, ilitoa waraka kwamba wenza wa dansi lazima wawe wa jinsia tofauti. Constance McMillen alitaka kuja na mpenzi wake wa kike, yeye mwenyewe akiwa amevaa suti ya kiume. ACLU, shirika la kutetea uhuru na haki za kiraia, lilipoiandikia wilaya kudai kanuni ibadilishwe, bodi iliifuta dansi nzima, na lawama ya wanafunzi mia kadhaa ikamwangukia msichana mmoja. Kesi ilifunguliwa mara moja, na tarehe 23 Machi Jaji Glen Davidson aliamua kwamba haki zake za Marekebisho ya Kwanza zilikuwa zimevunjwa, lakini hakuiamuru shule irudishe dansi, kwa kuwa wazazi walikuwa wameahidi kuandaa sherehe ya binafsi iliyo wazi kwa wote. Ahadi hiyo haikutimizwa. Mapema Aprili McMillen alielekezwa kwenye ukumbi ambako walifika wanafunzi saba tu, huku wenzake wengi wakicheza mahali pengine bila kumwalika.

Kwa maoni yangu kesi hii ndiyo ya kusomwa kwa makini zaidi na mzazi yeyote, kuliko ile ya Rhode Island inayopendwa kusimuliwa. Kwa hiyo, tangu barua ya kwanza, omba wilaya ithibitishe kwamba haitafuta dansi wala kuihamishia mikononi mwa wazazi kwa sababu ya ombi lako, na ukisikia fununu ya sherehe ya pembeni, kusanya mialiko, matangazo ya tiketi na picha za skrini, hasa ukiona walimu, fedha au tovuti ya shule vikitumika kuiandaa.

Shule ikishikilia msimamo

Toka kwa mkuu wa shule uende kwa msimamizi mkuu wa wilaya, kisha bodi ya shule, ukimpa kila mmoja siku chache za kujibu. Sambamba na hayo, usisubiri mwisho wa ngazi kuwatafuta mawakili. ACLU ina matawi katika majimbo yote na Lambda Legal, shirika la mawakili wanaotetea haki za wapenzi wa jinsia moja, hushughulikia mashauri ya namna hii. Zote mbili hazimtozi mteja ada. Mara nyingi barua moja ya wakili inayoitaja kesi ya Fricke humaliza shauri, kwa kuwa mwanasheria wa wilaya anajua kwamba wilaya ikishindwa inaweza kuamriwa kulipa gharama za mawakili wa mwanafunzi. Mwezi Julai 2010 wilaya ya Itawamba ilikubali kumlipa McMillen dola 35,000 pamoja na gharama za mawakili.

Upo pia mlango wa malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya shirikisho, ambayo kwa kawaida hupokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu ubaguzi utokee. Mimi nisingeuweka mbele. Tafsiri ya sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia shuleni imekuwa ikibadilika kila utawala unapobadilika, na kanuni za mwaka 2024 zilizotaja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi zilibatilishwa na mahakama ya shirikisho Januari 2025. Marekebisho ya Kwanza hayabadiliki kwa uchaguzi. Angalia vilevile sheria ya jimbo lako, maana California, Massachusetts na Minnesota, kwa mfano, zina sheria zao zinazowalinda wanafunzi hawa.

Mambo ya nyumbani

Mwanafunzi ambaye wazazi wake hawajui afikirie sana kabla ya kutuma barua ya kwanza. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hawezi kufungua kesi bila mzazi, mlezi au mtu mzima anayekubaliwa na mahakama kusimama kwa niaba yake, na shule ikikasirika inaweza kupiga simu nyumbani kabla yeye hajasema neno. Zungumza kwanza na mtu mzima mmoja unayemwamini, awe shangazi, mjomba au mshauri wa wanafunzi, na uwaulize mawakili, ambao watatunza siri yako, jinsi ya kuendelea. Kama kuna uwezekano wa kufukuzwa nyumbani, dansi inaweza kusubiri.

Mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya kuzungumza na shule ya umma kupitia mkalimani ambaye shule yenyewe humleta. Asikubali mtoto wake awe mkalimani wa shauri linalomhusu mtoto huyohuyo. Aombe nyaraka muhimu kwa Kiswahili, kwa kuwa wilaya zenye wakimbizi wengi wa Kongo huwa na watafsiri. Mzazi ambaye dini au malezi yake hayamruhusu kuyakubali mahusiano haya bado anaweza kusimama upande wa mwanawe asipigwe wala asidhalilishwe shuleni, na wapo wanaofanya hivyo.

Habari ikifika kwenye magazeti hairudi nyuma. Picha iliyopigwa Louisville au Minneapolis inaweza kufika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp huko Bukavu au Kigoma kabla ya usiku kwisha. Anayetarajia kusafiri kwenda Tanzania, Kenya au Uganda, ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, na nchini Uganda tangu mwaka 2023 adhabu ni kali zaidi, afikirie kuwaomba mawakili wafungue shauri bila kutaja jina lake kamili, jambo ambalo mahakama huweza kuliruhusu.

Siku ya dansi na baada yake

Beba nakala ya barua ya ruhusa, na mjue mapema jina la msimamizi wa zamu mtakayemwendea pakitokea matusi. Pangeni usafiri wenu wenyewe wa kuondoka, na kundi la marafiki wa kukaa nao meza moja. Mkizuiliwa mlangoni, msigombane. Andikeni saa, jina la aliyezuia na maneno aliyotumia, kisha mwiteni wakili. Matusi au vipigo vikifuata katika wiki zinazosalia, viripotini kwa maandishi kila mara, kwa sababu mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua, katika shauri la Jamie Nabozny wa Ashland, Wisconsin, kwamba viongozi wa shule wanaofumbia macho mateso ya mwanafunzi kwa sababu ya mwelekeo wake wanaweza kuwajibishwa wao wenyewe.

Kabla ya kuhitimu, iombeni bodi iingize katika kanuni za wilaya kifungu kinachokataza ubaguzi wa namna hii, kama Itawamba ilivyolazimika kukubali katika maridhiano yake. Ombi hilo huwasilishwa katika kikao cha hadhara, ambako kila mkazi hupewa dakika chache za kusema, na lifike kabla kijitabu cha kanuni cha mwaka unaofuata hakijapitishwa, yaani kabla ya likizo ya kiangazi kwisha.