Miche ya nyanya na pilipili katika baridi ya Lubumbashi: mchana barazani, usiku ndani

Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Kesho yake mchana jua kali, anga halina wingu. Hapo ndipo maelekezo mengi ya Ulaya yanapompoteza mkulima wa hapa. Kule wanaotesha mbegu ndani kwa sababu nje ni giza na barafu, ndiyo maana wanahangaika na taa. Sisi mwanga tunao wa kumwaga. Kinachotukosesha miche ni ubaridi wa usiku. Kwa hiyo kitalu chetu kiwe cha kubebeka: mchana barazani, jua likikaribia kutua kinaingia nyumbani.

Kwa nini kujisumbua, wakati joto litakuja lenyewe mwezi wa tisa? Kwa sababu ya mvua. Nyanya iliyosiwa katikati ya mwezi wa saba inahamia shambani mwisho wa mwezi wa nane, na inashika matunda kabla mvua hazijakaza. Iliyosiwa mwezi wa tisa inachanua mvua ikinyesha, na mildiu (ugonjwa wa ukungu wa majani) huikuta majani yakiwa mabichi bado. Pilipili na bilinganya ni za polepole zaidi: zisie wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, maana zinakaa kitaluni wiki saba hadi nane. Kabichi usiihangaikie, huota hata kwenye nyuzi 15. Lengalenga (mchicha) haina haja ya kitalu cha ndani: ngoja ardhi ipate joto, uimwage palepale shambani.

Udongo ndio unaoharibu kazi ya wengi. Ule mwekundu wa uani ukimwagiwa maji na kupigwa jua huganda kama tofali, na mche mchanga hauwezi kuupasua. Wa kichuguu ni mzuri kwa matofali yenyewe. Kitaluni uuache, una mfinyanzi mwingi mno. Wala usichote pande zilizopokea moshi wa shaba miaka mingi, kama mtaa wa Penga Penga, au karibu na mabaki ya migodi: shaba na risasi haziondoki kwa kuchemsha wala kuchekecha. Chukua sehemu tatu za udongo mweusi wa juu kutoka mahali palipoota majani vizuri, sehemu mbili za mboji iliyooza kabisa (isinuke, na ukichomeka mkono katikati isiwe na joto), na sehemu moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa. Chekecha yote kwenye wavu wa matundu ya milimita 5.

Kisha uupike kwa mvuke. Weka maji kidogo chini ya pipa au sufuria kubwa, juu yake matofali na bati lenye matundu, halafu udongo wenye unyevu, ufunike. Katikati ya udongo fukia kiazi mbatata kibichi. Kikiiva, nao umeiva. Acha upoe siku moja. Ndoo ya lita 10 inajaza glasi 60 hivi za plastiki za mililita 150, ndizo vyombo vyetu vya kusia.

Kwa miche 100 sia mbegu 130. Gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300, kwa hiyo nusu gramu inatosha na kubaki. Kama pakiti ilikaa muda mrefu sokoni juani, ijaribu kwanza: mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto. Zikiota chini ya sita, ongeza idadi au nunua nyingine. Mbegu ulizokamua mwenyewe kutoka nyanya za F1 (chotara) zitaota vizuri, ila matunda hayatafanana na ya mama yao.

Toboa chini ya kila chombo matundu manne kwa msumari wa moto. Jaza udongo, ugonge mezani mara mbili ushuke, fukia mbegu sentimita 1, loanisha. Ukifukia juujuu, mche hutoka na ganda la mbegu limebana majani kama kofia. Joto ndilo linaloamua siku: kwenye nyuzi 25 nyanya huota baada ya siku sita, kwenye 15 baada ya wiki mbili, kwenye 10 utangoja mwezi na zaidi, na nyingi zitaoza. Pilipili kwenye nyuzi 15 huchukua siku 25.

Usiku basi, panga vyombo ndani ya katoni, weka kati yao chupa mbili za lita 1.5 zenye maji ya moto yasiyochemka (yanayochemka hukunja plastiki), funika kwa kitenge kilichokunjwa. Mbegu hazihitaji mwanga mpaka ziote. Mbabula (jiko la mkaa) usiulaze chumbani eti upashe miche joto: makala, yaani mkaa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini.

Siku ya kwanza unapoona shingo nyeupe zimejikunja juu ya udongo, toa kitenge, peleka barazani. Hapa tuko kusini mwa ikweta, na mwezi wa saba jua hupita upande wa kaskazini. Baraza au dirisha linalotazama kaskazini ndilo lenye mwanga. Vitabu vya Ulaya vitakuambia kusini, usivifuate. Mche mrefu, mwembamba, uliolala upande mmoja, umekosa mwanga. Majani yakiwa ya zambarau kwa chini, ni baridi: mizizi haivuti fosforasi hata kama imo. Usikimbilie mbolea, ongeza chupa za usiku.

Adui mkubwa ni kinyaushi. Jioni mche ulisimama. Asubuhi umelala, na ukiuangalia kwa karibu, pale shina linapogusa udongo pamekuwa pembamba kama uzi, hudhurungi, penye maji. Huo hauponi. Toa chombo kizima, majirani wake wanyimwe maji siku moja na wapate upepo. Chanzo ni ukungu wa udongoni unaopenda baridi na maji mengi, hivyo mwagilia asubuhi tu, kwa kuweka vyombo ndani ya beseni lenye maji vuguvugu sentimita 2, robo saa, kisha uvitoe. Ukimwagilia jioni unalaza miche katika baridi na maji pamoja.

Ikiwa ulisia nyingi kwenye chombo kimoja, zitenganishe jani la kweli la kwanza likitoka. Shika jani, kamwe si shina: jani likipasuka litaota lingine, shina likibonyea basi. Mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya, maana tumbaku hubeba virusi vinavyoiambukiza nyanya. Meza isimame miguu ndani ya makopo ya maji, la sivyo sisimizi watakuhamishia mbegu.

Wiki ya nne, majani yakipauka, kijiko cha chai cha urea kwa lita 10 za maji, mara moja, na uyasuuze majani. Siku 10 za mwisho zoesha miche nje: jua kwa muda wa saa mbili, kisha nusu siku, kisha usiku mzima, ila usiku huo usishuke chini ya nyuzi 10. Wenye bustani bondeni wachelewe wiki moja, ubaridi hutuama huko.

Hamisha saa kumi na moja jioni, nyanya sentimita 50 kwa 60. Nyanya ifukie mpaka chini ya majani ya kwanza, shina lake hutoa mizizi. Pilipili ibaki kina kilekile ilichokuwa nacho kwenye glasi.