Mudi inayumba kama upepo wa Julai Dodoma? Anza na ratiba, miti shamba baadaye

Kama umekaa Dodoma unaujua upepo wa mwezi wa saba, ule unaoamka na wewe asubuhi unavuma mpaka mabati yanalia, midomo inapasuka, vumbi mpaka kwenye chai, na usiku baridi ambayo ukimsimulia mtu wa Dar anadhani unamtania. Mimi nilihamia huku ofisi ilipohamia na miaka miwili ya mwanzo kila kikifika kipupwe nakuwa mtu wa ajabu, asubuhi nacheka na kila mtu, saa kumi jioni mtoto akidondosha kijiko tu mtaa mzima unanisikia, usiku nalia na nikiulizwa nalia nini sina jibu. Ikafika mahali mume wangu anauliza mlangoni kabla hajavua viatu, "mama, leo kukoje huko ndani?" kama anauliza hali ya hewa.

Ndo nikaanza kusoma mambo ya Ayurveda, tiba ya Wahindi ya tangu enzi na enzi. Wao wanasema mwili una nguvu tatu. Vata ni upepo, yaani ukavu, baridi, mwendo, na ikizidi mtu anakuwa na wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, mudi inaruka kama panzi. Pitta ni moto, hasira za karibu na kiungulia. Kapha ni uzito, kulala sana na ile huzuni ya kujikunja kitandani. Nikasoma sifa za vata nikasema jamani, hii si Dodoma yenyewe! Sasa nikwambie ukweli, sayansi haijathibitisha hizo nguvu tatu, mi nazichukulia kama lugha ya kujichunguza basi, na kwa hilo zimenifaa sana.

Kabla hujabadilisha chochote tafuta daftari, hata lile la mtoto lililobaki kurasa. Kila siku andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umekula saa ngapi, chai vikombe vingapi, na mudi ilivunjika saa ngapi, na wanawake andikeni pia siku ya mzunguko maana wengine shida yote iko ile wiki kabla ya hedhi. Fanya miezi miwili kama unaweza. Mimi ndani ya wiki tatu tu nikajiona: siku zote nilizogombana na watu zilikuwa siku ambazo mchana sijala, nimepitisha na chai ya sukari nyingi na biskuti pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, nikisubiri kikao kiishe.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni chakula cha mchana, na hapa ndo ningependa ukomae kuliko pengine pote. Ayurveda wanasema mlo mkubwa uwe katikati ya mchana, kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu ndo moto wa tumbo unawaka, halafu kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni ni muda wa vata, muda wa kuyumba. Ukiwa na njaa muda huo unategemea nini? Kula cha moto, kilaini, chenye mafuta kidogo: ugali na mlenda wenye karanga, wali maharage, supu yenye tangawizi na bizari nyembamba. Vitu vikavu na vya baridi kama krispi, mkate mkavu na soda ya friji wanasema vinaongeza upepo. Na saa ya kula isibadilike kila siku, leo saa saba kesho saa kumi, hapana. Chai na kahawa ziishie mchana, kwa sababu kafeini inakaa mwilini masaa mengi na usiku utakodoa macho darini.

La pili mafuta ya miguu. Usicheke. Wakati wa kulala chukua mafuta ya ufuta vijiko viwili, tia kwenye kikombe cha bati, kikombe kiweke ndani ya bakuli la maji ya moto dakika kadhaa, jaribu tone moja kwenye kiwiko usije ukajiunguza. Osha miguu, kausha, halafu sugua taratibu nyayo, katikati ya vidole, visigino mpaka juu ya kifundo, kila mguu kama dakika tano, kisha vaa soksi za zamani ambazo hutaki tena. Usitembee kwenye sakafu ya vigae bila soksi, mi nilishateleza nikakaa chini kama mzigo. Magaga yangu yaliisha ndani ya mwezi, na usingizi ukaja, sijui ni mafuta au ni zile dakika kumi bila simu, sina haja ya kujua. Kama we ni wa pitta, mtu wa joto na hasira, wao wanashauri mafuta ya nazi.

Kulala na kuamka saa ileile hata Jumapili. Masaa saba mpaka tisa. Asubuhi toka nje upate jua, tembea nusu saa kwa kasi, na mtu wa kapha ndo dawa yake hasa hiyo kwa sababu akibembelezwa halafu akaachwa alale ndo anazama zaidi.

Mudi ikishaanza kupanda, kaa mgongo wima. Ziba tundu la pua la kulia kwa kidole gumba, vuta hewa kushoto polepole, ziba kushoto kwa kidole cha pete, achia kulia utoe, vuta hapohapo kulia, ziba, toa kushoto. Huo mzunguko mmoja. Piga kumi bila kubana pumzi. Mi nafanyia chooni ofisini, nani ataniona?

Miti shamba sasa. Maziwa ya moto na chembe ya kungumanga usiku ni sawa, ila chembe kweli, kungumanga nyingi ni sumu. Ashwagandha, mzizi wa dawa wa Kihindi, inasifiwa sana mitandaoni lakini mjamzito asiguse, na mwenye shida ya tezi ya shingo, ya ini au anayetumia dawa za usingizi aongee na daktari kwanza. Kuna dawa za Ayurveda zilizopimwa zikakutwa na risasi na zebaki, kwa hiyo unga wa kufungwa kwenye mfuko usio na jina mi siununui hata kwa mia tano.

Na kama mudi ikipanda unakaa siku kadhaa hulali na wala huchoki, unatapanya hela, au ikishuka unawaza kujidhuru, hapo mafuta ya ufuta hayahusiki, nenda hospitali leo. Huku kwetu watu wanatania "utapelekwa Mirembe" mpaka mtu anaogopa hata kupita pale nje, wakati ni hospitali ya afya ya akili, hospitali kama hospitali nyingine. Kama tayari una dawa za daktari usiziache kwa ajili ya haya niliyoandika. Na ukienda beba lile daftari, maana usingizi, chakula na siku za mzunguko ni vitu utakavyoulizwa na ukiwa pale mbele ya daktari huwa havikumbukwi.