SOMO: Jinsi nilivyomfufulia mke wangu kigari chake hapahapa nyumbani, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Niliahidi kuandika hili somo muda mrefu, leo nimepata nafasi. Gari lenyewe ni kigari kidogo cha petroli, injini ya silinda tatu, kina miaka 17 na kimeshatembea zaidi ya kilomita 180,000. Ni la mke wangu, yeye ndo analiendesha kila siku, mi naligusa mara moja moja, na hilo mtaliona lina maana kubwa kwenye hili somo maana anayeendesha ndo anayejua gari linaumwa wapi.

Kabla hujashika spana

Kaa chini na mwenye gari, chukua karatasi, muulize lini, wapi na kwa namna gani. Usikubali jibu la "linasumbua tu". Wangu alinipa haya: asubuhi stata inavuta kwa uzito kama betri imechoka, likisimama kwenye foleni linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, likikimbia linavuta kushoto, mvua ikinyesha vioo vinajaa ukungu ndani na feni inafanya kazi namba nne tu, na usiku haoni mbele. Mimi peke yangu ningeanza kwa kupiga polishi bodi. Orodha yake ndo ikawa ramani, na tukapanga: kwanza kinachoweza kuua mtu, pili kinachoweza kumwacha njiani, raha mwisho.

Usalama nausema mara moja na nausema kwa uzito. Jeki ni ya kuinulia, sio ya kushikilia. Gari likishainuka weka stendi chini ya sehemu ngumu iliyoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, weka kabari kwenye tairi zilizobaki chini, lisukume kidogo kwa mkono uone kama limetulia, ndo uingize kichwa. Usifanye hii kazi kwenye udongo laini au mteremko. Na nyaya za rangi ya njano zenye soketi za njano kwenye usukani na dashibodi ni za eyabegi (mifuko ya hewa ya kukinga kwenye ajali), hizo waachie wenye kazi yao.

Hatua ya 1: breki

Gari likivuta upande mmoja wengi wanakimbilia alaimenti (kunyoosha tairi). Anza na upepo wa tairi, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sio namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ile ni kikomo cha tairi lenyewe. Upepo ulikuwa sawa kwangu. Basi nikaendesha kama dakika kumi bila kukanyaga breki sana, nikashuka nikasogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kugusa. Kulia vuguvugu. Kushoto joto linakupiga kabla hujafika. Hapo nikajua breki ya kushoto haiachii.

Legeza nati tairi likiwa bado chini, ndo upige jeki. Toa tairi, fungua bolti za kalipa (kile kibano kinachobana pedi za breki), vuta kalipa taratibu na uifunge kwa waya kwenye springi, usije ukaiacha inaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki milimita 2, ya nje milimita 7. Tofauti kama hiyo mara nyingi inatokana na pini za kalipa zimekwama, na kweli ya chini ilikuwa imeshika kutu mpaka nikaizungusha na spana huku nikiivuta. Mpira wake wa vumbi ulikuwa umepasuka, maji yakaingia, basi. Nikasafisha pini mpaka ikang'aa, nikabadilisha mipira, nikapaka grisi ya silikoni ya breki (grisi ya kawaida inavimbisha mpira, usijaribu), ikawa inateleza kwa kidole.

Pedi badilisha za pande zote mbili, kushoto na kulia, hata kama upande mmoja bado zipo. Ila fungua upande mmoja kwa wakati, ule mwingine ukae umefungwa ili ukisahau springi ilikaaje uende ukaangalie. Ukirudisha pistoni ya kalipa ndani ili pedi mpya ziingie, mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo, kiangalie kisifurike maana yale mafuta yanakula rangi ya gari. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kompresa, tumia dawa ya kusafishia breki na kitambaa. Na ukimaliza, KABLA gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama mpaka chini kwa sababu pistoni iko mbali na pedi, ukitoka hivyohivyo huna breki.

Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu hewani, ndo maana watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila miaka 2 hivi. DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanywa maji inashuka mpaka karibu 140. Angalia mfuniko umeandikwa nini. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na DOT 3 wala DOT 4.

Hatua ya 2: stata nzito

Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana watu wanatupa betri nzima bure. Chukua mita ya umeme, weka volti 20 DC. Gari likiwa limelala usiku kucha betri nzima inasoma kama 12.6, ikiwa 12.0 imekwisha chaji. Washa injini, inatakiwa ipande kati ya 13.8 na 14.5 hivi, hapo altaneta inachaji. Zangu zote zilikuwa nzuri, na stata bado inajikokota.

Sasa weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwekundu ugusishe chuma kitupu cha injini, alafu mwambie mwenzio apige stata. Kama njia ya ethi (njia ya umeme kurudi betri) ni safi mita itasoma kidogo sana, chini ya volti 0.3. Yangu ilisoma 1.4. Yaani umeme ulikuwa unapotelea njiani kabla haujarudi betri. Nikaufuata waya wa ethi unaotoka kwenye gia boksi kwenda bodi: kwa juu unaonekana mzima kabisa, nilipofungua bolti kichwa cha waya kilikuwa na unga wa kijani, na chini yake rangi na kutu. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe pande zote mbili, nikafunga, nikapaka vaselini juu kuzuia maji. Mita ikasoma 0.1. Stata ikalia kama ya gari jipya, na taa za mbele zikaongezeka mwanga papo hapo.

Ukitoa betri, anza kufungua hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya na hasi bado imefungwa utaona moto.

Hatua ya 3: kutetemeka kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta)

Plagi kwanza, injini ikiwa ya baridi. Toa koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), alafu puliza vumbi kwenye mashimo kabla hujalegeza plagi, kijiwe kikiangukia kwenye silinda umeanzisha tatizo lingine. Soma plagi: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi kavu petroli inazidi, na kama shimo lenyewe lina oili basi mpira wa kava ya valvu umechoka. Kurudisha, chomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta uizungushe kwa vidole mpaka ikae yenyewe. Ikikataa usilazimishe, irudishe nyuma uanze upya. Ikishakaa kaza kadri pakiti yake inavyosema.

Alafu throto bodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini). Ilikuwa na utando mweusi kama lami pembeni ya kile kisahani. Pulizia dawa kwenye kitambaa ufute, na kama throto ni ya umeme usikisukume kisahani kwa kidole. Baada ya hapo sailensa inaweza kupanda au kuyumba kidogo mpaka kompyuta ya gari ijizoeshe. Mtetemo uliobaki ulikuwa mauntini ya injini (kishikizo chake chenye mpira), mpira umepasuka katikati, nikabadilisha.

Hatua ya 4: ukungu na feni

Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu, mota haijafa. Ni rezista yake (kifaa cha kupunguza umeme). Namba ya mwisho inapata umeme moja kwa moja, namba za chini zinapita kwenye rezista, ikiungua zinakufa zote. Kwa gari langu ilikuwa nyuma ya boksi la mbele ya abiria, skrubu mbili. Na hapohapo kuna filta ya kabini. Nilipoivuta yalitoka majani makavu kiganja kizima, filta nyeusi, hewa ilikuwa haipiti kabisa. Kumbe ndo sababu hata rezista iliungua, maana inapozwa na upepo uleule wa feni.

Gusa na zulia chini ya miguu. Likiwa limeloa, zibua mifereji ya maji iliyo chini ya wepa, majani yanaziba maji yanaingia ndani. Likinuka utamu na kuteleza, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini), hita inavuja.

Hatua ya 5: taa na mengineyo

Taa za plastiki zinageuka njano kwa jua. Ziba bodi kwa selotepu ya karatasi, piga msasa wa maji namba 1000, 2000 kisha 3000, ukiloweka muda wote, halafu polishi. Zikiwa safi zipulizie klia (vanishi isiyo na rangi) yenye kinga ya jua, ukiruka hapo baada ya miezi zinarudi njano. Wepa mpya, silikoni kwenye mipira ya milango, oili na filta, hayo mnayajua.

Sehemu aliyoipenda yeye kuliko zote sikuipangia hata kidogo: reli ya kiti chake ilikuwa imejaa mchanga na grisi ngumu, kiti hakifiki mbele mpaka mwisho, kwa hiyo miaka yote alikuwa anakanyaga klachi kwa ncha ya vidole. Hakuwahi kusema kwa sababu alidhani ndo gari lilivyo. Brashi, kitambaa, grisi mpya, nusu saa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mi nimebadilisha pedi jana pedeli ni laini, ukipampu inapanda. Shida nini?

Jibu: Kama inapanda ukipampu na inashuka tena, kuna upepo kwenye mfumo, au pedi haijakaa vizuri kwenye nafasi yake. Anza kukagua pedi, kisha toa upepo, msaidizi akanyage we ufungue nipo (kibolti cha kutolea upepo kwenye kalipa), ifunge kabla hajaachia mguu. Kikopo kisikauke. Usiliendeshe mpaka liwe sawa ndugu yangu, hata kwenda jirani.

Swali: Vipi nikiweka taa za LED kwenye soketi ileile ya balbu ya H4 badala ya hayo mambo ya msasa?

Jibu: Sikushauri. Kioo cha ndani ya taa kimepimwa kwa waya wa balbu kuwa pale ulipo, LED nyingi mwanga unatawanyika, unamwumiza macho anayekuja na we mwenyewe mbali huoni. Pima kwanza volti kwenye soketi ya taa injini ikiwa inaunguruma, ikiwa chini sana ya zile za betri tatizo lako ni ethi au soketi.

Swali: Langu likikata kona kali linalia ta-ta-ta-ta mbele.

Jibu: CV jointi ya nje (kiungo cha shafti inayozungusha tairi). Mulika kwa tochi nyuma ya tairi, utakuta mpira umepasuka na grisi imerukia kwenye rimu kwa ndani. Mpira ukipasuka ukawahi unabadilisha mpira na grisi tu, ikishaanza kulia jointi imeshalika.

Swali: Kulanti inapungua ila sioni pa kuvuja, na kwenye mfuniko wa oili kuna kitu cheupe kama maziwa.

Jibu: Usiogope mfuniko peke yake, gari la safari fupi fupi linaweka unyevu pale. Vuta kijiti cha oili, kama na hapo ni maziwa, au moshi mweupe hauishi injini ikishapata moto, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, lizime usiliendeshe. Kama oili ni safi angalia mfuniko wa rejeta, mpira wake ukichoka haushikilii presha. Ufungue injini ikiwa imepoa kabisa.

Swali: Kaka mimi ndo mke mwenye gari, mume wangu amesoma hapa anataka kuanza breki leo jioni na kesho asubuhi naenda nalo kazini. Nimruhusu?

Jibu: Dada mwambie asubiri siku ambayo kesho yake huhitaji gari. Bolti ikikatika usiku hamna pa kuipata na gari liko juu ya stendi. Pedi na mipira ya pini viwe mkononi kwanza. Akivua tairi tu alinganishe pedi mpya na za zamani kwa umbo na masikio yake, zikitofautiana arudishe tairi kama lilivyokuwa. Na wewe uwepo, maana ndo utakayekanyaga pedeli na kusema kama iko ulivyoizoea. Mkishatembea kama kilomita 50, nati za tairi zikazwe tena kwa mpangilio wa nyota.