Muamala shuku: namna ya kuuandika ukiwa kaunta ya Kigoma

Kila kijana mpya akiletwa kwenye tawi letu la benki hapa Kigoma mjini, namkalisha kwanza kabla hajapewa droo. Mimi ndiye ninayesimamia uzingatiaji wa sheria, na taarifa zote za muamala shuku, yaani muamala unaotia shaka kuwa ni wa fedha haramu, hupitia mezani kwangu.

Jambo la kwanza: taarifa hiyo haiendi kituo cha polisi. Inakwenda Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, yaani FIU, kilichoundwa kwa sheria ya 2006. FIU hawakamati mtu. Wanapokea, wanachambua, kisha wanawapa polisi, TAKUKURU au Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya picha iliyounganishwa. Wewe unaona akaunti moja. Wao wanaona ya kwako, ya benki nyingine ya Tunduma, na ya laini ya simu iliyopokea pesa Kasulu, na wanagundua zote zina namba moja ya simu. Mpelelezi akipewa hiyo, anajua aanzie mlango gani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, namba ya simu usiiache. Hata ya aliyeleta pesa, si ya mwenye akaunti peke yake. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, saa, kiasi, na noti zilikuwa za namna gani. Andika alikuja na nani.

Halafu eleza kwa nini umeshuku. Hapa ndipo wengi wananiudhi. Wananiletea sentensi moja: "Mteja ana mashaka." Mashaka ni yako, siyo yake! Niambie ulichokiona. Tuseme mteja amejiandikisha kama mfanyabiashara wa dagaa Kibirizi. Mwezi mpevu, wavuvi wa karabai, wanaovua dagaa usiku kwa mwanga wa taa, wamepumzika, ila akaunti inaingiziwa pesa kila siku kutoka mikoa minne, kwa vipandevipande, na jioni inatolewa yote taslimu. Hilo liandike. Ila andika pia kwamba dagaa wakavu huwekwa stoo, kwa hiyo anaweza kuwa anauza mzigo wa nyuma. Ulimuuliza? Alijibu nini? Ana risiti za kusafirisha kwa treni au lori?

Nasisitiza hili kwa sababu utakatishaji fedha, yaani kuzifanya pesa za uhalifu zionekane halali, kwa sheria yetu ni kosa lisilo na dhamana. Mtu anaweza kukaa mahabusu muda mrefu kesi ikiendelea. Usimwandike mtu kwa kuwa ni Mrundi, au ni Mkongo aliyeshuka na boti akiwa na begi la dola. Hapa ni bandarini, mtu kushuka na dola za taslimu ni jambo la kawaida. Swali ni kama zilitolewa taarifa mpakani pale zinapofika dola 10,000, na kama zinalingana na shughuli aliyotuambia.

Ukishashuku, niletee siku hiyohiyo. Sheria inatupa saa 24 kufikisha taarifa FIU, na mimi nahitaji muda wa kuisoma. Mteja asijue. Wala usimnong'oneze shemeji yako kwamba fulani anachunguzwa. Kumtonya mtu ni kosa, na akishatonywa pesa inahama usiku uleule.

Baada ya hapo kuna ukimya, usishangae. FIU wanaweza kuuliza benki nyingine, na pesa ikivuka mpaka wanaweza kuuliza wenzao wa nje kupitia Egmont Group, umoja wa vitengo kama FIU vya nchi mbalimbali. Wanachowapa polisi ni mwongozo wa upelelezi. Ushahidi wa mahakamani polisi wanaufuata wenyewe kwa utaratibu wa kisheria, na hapo ndipo wanaturudia sisi. Wanataka fomu ya kufungulia akaunti, sahihi, picha, hati za kuwekea pesa. Ndiyo maana kila Ijumaa nakagua mafaili, na hati isiyo na sahihi ya mwekaji namrudishia aliyeipokea kabla hajaondoka.